Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Mhandisi mkuu wa lifti kastaafu leo. Kiti chake cha dirishani ki wazi. Tumebaki watatu: mimi, Vipimo, anayepima hata kina cha chai, na Bi Waya, anayegundua hitilafu kwa kunusa. Bosi atachagua mwisho wa mwezi. Kwa haki, mimi ni wa tatu. Basi haki tuiweke kando.

Nimepata wazo. Sitawapiga vita. Nitawatia moyo!

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Vipimo kuwa mhandisi wa kuajiriwa ni kama lifti: anapanda na kushuka kutwa, na vitufe wanabonyeza wengine. Kwa nini asifungue kampuni yake? Akaniuliza kama nililala vizuri. Lakini jioni nikamwona anachora kitu nyuma ya bahasha, kwa rula. Chambo kimeliwa.

Bi Waya mgumu. Akasema, wewe kaka, ukimsifu mtu lazima kuna shimo mbele. Nikaapa. Nikamwandikia na mpango wa biashara, kurasa sita. Mzuri mno. Nilipousoma tena nilikaribia kuacha kazi mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Wameacha kazi! Wote! Asubuhi moja! Wamefungua kampuni pamoja (hilo sikulipanga) kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro. Bi Waya alinishika mkono akasema, kaka, bila wewe tungezeekea hapa. Machozi yakamlengalenga. Na mimi pia. Vumbi.

Bosi kanipa kiti papo hapo, kwa kukosa mwingine wa kumpa. Dirisha linatazama ukuta. Miaka tisa, kutoka kule nilikokaa, nilikuwa naona mwanga tu. Nikadhani kuna bustani.

Jumanne, 18 Machi
Cheo kina tatizo la kitaalamu. Kanuni ya kwanza ya lifti: haingii mtu shimoni bila mwenzake juu, chumba cha mashine, wa kumjibu redioni. Nami ni mkuu wa mtu mmoja. Nimejaribu redio zote mbili, moja kila mkono. Nikajiita. Nikajiitikia.

Saa nne nikamimina chai vikombe vitatu, mazoea hayo. Nikanywa vyote, visinitazame.

Dada yangu kapiga simu kunipongeza. Akauliza mbona sauti ina mwangwi. Nikamwambia ofisi ya mkuu ni kubwa.

Alhamisi, 20 Machi
Shimoni siruhusiwi, basi nikakagua lifti ya jengo letu kwa kupanda tu, kama abiria. Ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nikatulia, mimi mtaalamu. Nikabonyeza kitufe cha dharura. Kitufe hicho humpigia simu mhandisi wa zamu.

Mhandisi wa zamu ni mimi.

Nikaisikia ikilia ofisini, chini kabisa, juu ya meza ya dirishani. Ililia kwa adabu, ikapumzika, ikalia tena. Nilimwonea huruma anayepiga.

Baada ya saa mbili mama wa usafi akanisikia nikigonga. Akauliza ampigie nani. Nikamtajia namba, shingo upande.

Wakaja na ovaroli mpya. Vipimo juu, Bi Waya shimoni. Nikasikia wakiitana redioni, wakibishana, wakicheka. Vipimo akatangaza kuwa mkuu yuko ghorofa ya nne na nusu, na kwamba ile nusu ameipima. Sijacheka hivyo tangu waondoke. Nikaomba moyoni wachelewe kidogo.

Mlango ulipofunguka, Bi Waya akasema bila mzaha: kazi zimewazidi, mpango ni wangu, kiti cha tatu kipo, niende Jumatatu. Vipimo akaongeza kuwa hakina dirisha. Ila kina watu.

Jumapili, 23 Machi
Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimepiga pasi shati. Nimenunua vikombe vitatu vya kuwapelekea. Naenda!

Jumatatu, 24 Machi
Nimepita ofisini kukabidhi barua. Kabla sijaitoa mfukoni, bosi akanitambulisha kwa mhandisi mpya: mama mmoja mwenye miwani, miaka ishirini kwenye kazi za lifti. Nikaona nimjaribu kwanza. Nikamwita redioni. Akajibu, “Nakusikia, mkuu.” Mkuu! Sauti ya mtu mwingine! Barua ikarudi ndani zaidi.

Akaniuliza chai yangu sukari ngapi. Tukanywa kwa vile vikombe vipya. Cha tatu kikabaki kitupu, lakini hakikunikera. Nikasema moyoni: hapa sasa nimefika. Mtu wa kunijibu, nini tena?

Saa nane mchana alikuwa ameshaipata hitilafu ya Alhamisi. Bosi akamsifu mbele yangu, mara mbili. Kisha akamuuliza angependa kukaa wapi. Akatazama huku na huku, akasema pale dirishani panamvutia, kuna mwanga.

Nimemmiminia kikombe cha pili. Nikamuuliza, kwa upole tu, kama hajawahi kufikiria kujitegemea. Mpango ninao. Kurasa sita.