Nguzo ya Shimo la Mjane

Jumanne, 4 Juni

Hector, nahodha wa klabu yetu ya gofu na kaka yake mke wangu, leo kanivuta pembeni kwenye baa ya klabu, sauti yake ya chini kama ya mtu anayeleta habari za msiba. Kasema nafasi ya kumi na mbili kwenye timu ya kwenda kucheza na Kirkbrae, klabu ya ng'ambo ya ghuba, mwaka huu haina mwenyewe. Itagombewa Jumatatu jioni, mimi na Ranald Imrie, mashimo yote kumi na nane. Atakayeshinda ndiye wa kumi na mbili.

Imrie! Daktari wa meno mstaafu, kahamia hapa Port Crannoch juzi juzi tu kutoka Edinburgh. Hata upepo wetu bado unamvua kofia.

Nafasi ile ni yangu. Kabla yangu ilikuwa ya baba. Usiku wa mechi wale kumi na wawili hula kwenye meza ndefu ya klabu, karibu na dirisha. Waliobaki hula wamesimama kwenye korido, sahani mkononi. Baba alikalia kiti cha mwisho cha meza ile mpaka alipofariki, nami nikakirithi. Nikinyang'anywa nitakuwa nani mji huu? Muuza misumari tu.

Nikamuuliza Hector nimekosa nini. Akasema, shemeji, mpira wako unaenda kulia. Nikamwambia ni upepo. Akasema unaenda kulia hata siku ambayo hakuna upepo. Nikamwambia siku hiyo haijawahi kutokea Port Crannoch. Hakucheka.

Nimefika nyumbani, kumbe Effie alijua tangu Ijumaa. Mke wangu mwenyewe. Kasema hakutaka niharibikiwe na wikiendi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwendea mwalimu wa klabu, Catriona Leask. Kwa umri ni binti yangu. Nilimwomba anifundishe nyuma ya banda la mashine za kukata nyasi, Imrie asije akaniona.

Kaniambia nisimame kama nalenga bendera. Nikasimama. Akalaza fimbo chini, ikagusa ncha za viatu vyangu, akaniambia nirudi nyuma niangalie inaelekea wapi. Ilikuwa inaelekea baharini. Si upande wa bahari. Baharini kabisa, kwenye boya jekundu. Nikasema fimbo imeteleza. Akanisimamisha tena, akailaza tena. Boya.

Kumbe miaka yote nimekuwa nikielekeza mabega yangu kwenye bendera, na hapo ndipo kosa lilipo. Mpira ndio unaokwenda kwenye bendera, mimi nimesimama pembeni yake. Kasema nifikirie reli: mpira uko kwenye chuma cha kulia, miguu yangu kwenye chuma cha kushoto, na vyuma havikutani. Kwanza nisimame nyuma ya mpira, nichague kitu kidogo hatua moja mbele yake kwenye mstari wa bendera, jani au kishimo. Niuelekeze uso wa fimbo kwenye jani. Miguu baadaye.

Nikamwambia nikisimama hivyo naona kama nimeipa bendera kisogo. Akasema, "Macho yako yamezoea kukudanganya, Bwana Kinnear. Piga tu."

Nikapiga. Mpira ukaenda sawia mpaka kwenye bendera. Nikapiga mwingine. Vivyo hivyo. Nimeingiwa na hofu kubwa kuliko ya jana. Kitu kizuri namna hii hakiwezi kukaa kwangu.

Halafu kaniambia kwenye mechi ni marufuku kulaza fimbo chini ili kujipanga. Sasa si angeanza na hilo?

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaribu peke yangu kabla ya kufungua duka. Wa kwanza ukanyooka. Wa pili kulia. Wa tatu kulia zaidi.

Adhuhuri kaingia Imrie dukani kutafuta bawaba. Ni mpole mtu yule, ndiyo maana anaudhi. Kaniuliza hivi, jirani, wewe umecheza hapa tangu utoto, mpira wangu una tabia ya kuvutwa kushoto kidogo, unanishauri nini?

Nikamtazama. Nikageuza kibao cha mlangoni, Tumefunga. Nikampeleka uani.

Nimemfundisha kusimama kama ninavyosimama mimi. Kama nilivyokuwa nikisimama, namaanisha. Miguu iangalie bahari, mabega yafuate. Nikamwambia ndivyo baba alivyonifundisha, na huo ni ukweli mtupu. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema watu walimwambia wenyeji wa hapa ni wagumu, lakini yeye hajaona.

Bawaba alizisahau.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechukua darubini ya Effie ya kutazamia ndege, nikajificha nyuma ya jumba la klabu. Imrie anafanya mazoezi. Mpira, ufukweni. Mwingine, ufukweni. Anajipanga upya kwa utaratibu, anarekebisha viatu viangalie bahari vizuri zaidi, anapiga. Ufukweni. Nimefurahi mpaka saa ya chai.

Baada ya chai nikacheza mimi, Hector akinitazama mikono nyuma. Nusu sawa, nusu kulia. Halafu tukafika Mjane.

Mjane ni shimo la kumi na saba. Ukisimama pale huoni bendera. Mbele yako kuna kilima cha mchanga, na juu ya kilima nguzo nyeupe. Unapiga juu ya nguzo, unatumaini. Kulia ni ufuko. Kushoto ni ukuta wa nyumba ya mchungaji wa kanisa, na mpira ukivuka ukuta huo umetoka uwanjani. Leo mimi ufukweni. Hector akatazama saa yake, ingawa hakuwa na pa kwenda.

Nimekaa jikoni nikaumiza kichwa. Kunyooka kabla ya Jumatatu sitaweza, hilo nimekubali. Lakini kama mpira wangu unaenda kulia kwa nguzo, kwa nini nguzo isisogee kushoto? Mtu anayekwenda kulia ataangukia katikati ya nyasi. Nimeipindua pindua akili nzima nikitafuta kasoro ya mpango huu. Sijaiona.

Jumapili, 9 Juni

Jumapili gofu ni mwiko, uwanja ni wa watu na mbwa wao. Heri zaidi, ukungu wa bahari ulishuka mzito, huoni mkono wako ukiunyoosha. Nikaenda na koleo.

Nguzo ilikuwa imeingia ndani kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeikumbatia, naivuta, nahema, mara mbwa mweupe akaninusa ugoko. Nyuma ya mbwa, Mchungaji Petrie, ametoka ibadani. Nikasikia mdomo wangu ukimwambia kamati imeniomba niinyooshe nguzo.

Kasema, kufanya kazi siku ya Bwana si vizuri, lakini kumwacha jirani aumie mgongo ni vibaya zaidi. Akavua glavu, akashika upande wa pili.

Tukaenda kushoto. Nikasema kidogo tena. Yeye akaniuliza kama si mbali sasa, nikasema kamati imesisitiza. Katika ukungu ule hata nyumba yake mwenyewe haikuonekana. Tukaisimika, akaikanyagia udongo kwa viatu vya ibada. Kasema si kawaida kuona mtu akijitolea bila kujitangaza, atanikumbuka katika maombi yake.

Nilijisikia vibaya mpaka nyumbani. Nilipokunywa supu nikapata nafuu.

Jumatatu, 10 Juni, mchana

Nilisahau kwamba Jumatatu asubuhi wanawake hucheza.

Effie karudi mapema. Kaweka begi lake la fimbo chini bila kulifuta, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwishowe kasema pale Mjane alilenga nguzo vizuri kabisa, akasikia fimbo imegonga vizuri kabisa, na mpira umevuka ukuta wa mchungaji. Mara mbili. Kasema labda macho sasa yamezeeka. Ya mama yake yalianza hivyo hivyo, naye akaishia kushikwa mkono kwenda dukani.

Alikuwa amenipa mgongo, anaosha kikombe kisafi. Hapo ningeweza kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Nikamwambia ni upepo.

Nina aibu, nayaandika haya waziwazi. Lakini saa kumi na moja natakiwa uwanjani, na kiti ni kimoja.

Jumanne, 11 Juni

Jana jioni sikuweza kushika kalamu.

Shimo la kwanza nilitafuta jani, nikaelekeza uso wa fimbo, nikakumbuka reli. Mpira ukanyooka. La pili ukanyooka. La tano, la tisa, la kumi na mbili. Sijawahi kupiga namna ile tangu kuzaliwa. Catriona alikuwa akitufuata kwa mbali, nikamwona akitabasamu. Mimi nilitaka kulia machozi. Kila mpira ulionyooka ulinisogeza kwenye ile nguzo.

Imrie alikuwa kulia siku nzima, kwenye mchanga, kwenye magugu, karibu na miguu ya watu waliokuja kutazama. Lakini akifika karibu na shimo, mpira unaingia tu. Mtu aliyechimba meno maisha yake yote, tundu dogo litamtisha nini? Tukafika Mjane tumelingana.

Imrie akaanza. Akasimama nilivyomfundisha, viatu baharini, akaitazama nguzo, akapiga. Mpira ukapita kulia kwa nguzo, ukazama nyuma ya kilima. Hector, aliyekuwa ng'ambo ya kilima akiamua, akapunga kofia juu ya kilele, ishara kwamba uko salama. Katikati ya nyasi!

Hapo ndipo nilipoiona ile kasoro ya mpango wangu.

Basi nikajiambia, Murdo, simama kama zamani, piga kulia. Nikaelekeza miguu kwenye boya. Miguu ikakataa, ikaona mahali pageni. Nikairudisha. Macho yakatafuta jani yenyewe, bila kutumwa. Nikapiga mkwaju bora wa maisha yangu, juu ya ncha ya nguzo hasa. Watu wakaguna kwa kuusifu.

Kisha vioo.

Mchungaji ana kibanda cha vioo anakooteshea nyanya. Sheria inasema mpira ukitoka unarudia palepale. Nikarudia. Uzuri uleule. Vioo tena. Shimo likawa la Imrie, na la mwisho tukatoka sare. Nimeshindwa.

Mchungaji akatokea na mipira yangu miwili mkononi, mbegu za nyanya kwenye mkono wa sweta. Akapanda kilima. Jioni ilikuwa safi, unaona mpaka Kirkbrae ng'ambo ya ghuba. Akaitazama nguzo, akaitazama nyumba yake, akasema kwa upole wote wa duniani, mbele ya Hector, mbele ya wanawake wote, "Unajua Murdo, hata mimi Jumapili niliona tumeivuta mno."

Effie alikuwa mbele ya wenzake. Akaitazama nguzo, akanitazama mimi. Kisha akachukua funguo za gari kwenye begi langu, akaondoka. Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi Hector kaja dukani. Hakuniita shemeji. Kaniita Kinnear. Jina langu limeondolewa kwenye ubao, Jumamosi, usiku wa mechi, nitakula koridoni, na vioo vya mchungaji nitaviweka mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Nikasema sawa. Nilitaka kuuliza kiti cha baba atakikalia Imrie hasa au watasogea sogea, lakini alikuwa ameshatoka.

Mchana Effie kafungua kinywa kwa mara ya kwanza. Hakuuliza habari za nguzo. Kauliza jambo moja tu: nilipomsikia akisema macho yake yanakufa, nilikuwa nafikiri nini? Nikamwambia nilikuwa nafikiri kiti. Kasema, "Angalau hilo ni kweli." Nikamwomba radhi. Kasema radhi nianze kuzipeleka kwa Imrie, nimwambie ukweli kuhusu ule msimamo niliomfundisha, kabla hajaiabisha klabu nzima kule Kirkbrae.

Nikaenda. Niliyapanga maneno njia nzima.

Imrie kafungua mlango na keki mkononi. Habari za nguzo amezisikia, kasema kila mtu ana siku yake mbaya. Yeye hasahau wema. Bila mafunzo yangu asingeupata ule mkwaju wa Mjane, na ameitangazia baa nzima kwamba mwalimu wake ni Kinnear. Hapo, kasema, Hector akanung'unika kwamba Imrie akimfunga mpinzani wake kule Kirkbrae, basi mwalimu atavutiwa kigoda pale mwisho wa meza ndefu.

Mwisho wa meza. Keki ilinikwama kooni, na ukweli nyuma yake. Kaniuliza kama nilikuja na jambo. Nikamwambia nimekuja kumpa bawaba zake.

Effie nimemwambia tumeongea vizuri sana.

Shimo la nne la Kirkbrae nalo ni la kupiga bila kuona bendera. Kuna kilima, na juu yake nguzo ya mti, si nzito kama yetu. Ijumaa alfajiri wanatabiri ukungu. Safari hii nitapima kwanza.