Sini ya Mazishi ya Ta Kaijage

Jumatatu, 2 Juni 2025. Ihanda.
Habari kubwa! Kampuni moja ya runinga huko Dar inatafuta tamthilia mpya. Wanataka sini tatu za mwanzo tu, zitoke kwenye maisha ambayo mwandishi anayajua. Nani anayajua maisha kuliko mimi? Ninakaribia arobaini, nalala chumba cha uani kwa baba yangu, nachuma kahawa yake.

Mutalemwa, yule mshereheshaji wa harusi wa Kayanga, naye anaandika. Amemwambia fundi cherehani, maana yake amemwambia kila mtu. Yake ni ya mapenzi. Masikini! Mapenzi yanaisha. Kibanja, shamba la migomba la ukoo, hakiishi.

Sini ya kwanza tayari: mazishi ya Baba, Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage, kama kijiji kinavyomwita. Migomba, jeneza, watoto wanatazamana kwa chuki. Baba mwenyewe alikuwa uani ananoa panga. Akaniuliza mbona namkazia macho. Nikasema namwombea afya. Akanishukuru.

Jumanne, 3 Juni.
Nimekwama. Sini ya pili ni ugomvi wa kibanja, na watu wangu hawagombani. Kaka Jovitus anauza vipuri vya baiskeli Kayanga, na kila Jumapili baada ya ibada anamletea Mama sukari. Dada Stephania aliachika, akarudi nyumbani na wanawe; ndiye anayempikia Baba na kumkumbusha dawa za presha. Wakikutana wanacheka! Nimejaribu kuandika mazungumzo yao. Shikamoo kaka. Marahaba. Hapo hapo yakafia.

Familia isiyo na msaada kabisa.

Alhamisi, 5 Juni.
Nimewasukuma kidogo. Asubuhi Kayanga, nikamwambia Jovitus, kwa masikitiko, kwamba Stephania anamshawishi Baba amwandikie kibanja chote. Akaacha kujaza upepo tairi. Akauliza nani kasema. Nikasema nimesikia tu. Akasema, "Babu kazikwa pale. Hathubutu." Tamu! Nikaiandika kiganjani.

Jioni zamu ya Stephania. Nikamwambia Jovitus amepata mnunuzi kutoka Muleba. Nilitegemea kelele. Akaweka ungo wa maharage chini, akaniuliza yeye na watoto watakwenda wapi. Sauti ndogo mno, runinga haiwezi kuinasa. Nikamwomba aseme tena kwa hasira. Akaingia ndani.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.
Jovitus kaja bila sukari. Dalili njema.

Baada ya kula, moto! Stephania akamwita kaka yake mwizi. Jovitus akamjibu kwamba ameshindwa kwa mume, sasa anataka kushinda kwa baba. Sentensi ya dhahabu! Nikakimbilia kalamu chumbani. Niliporudi Baba alikuwa amesimama, ameshika kiti.

"Mnanigawana, na mimi nawasikia?"

Akauliza maneno haya yametoka kwa nani. Jovitus akanitazama. Stephania akanitazama. Mimi nilikuwa bado naandika.

Nikawaeleza kuhusu sanaa. Mama akauliza sanaa ndiyo kitu gani, kinachomfanya mtu awachonganishe ndugu zake. Swali zuri, lakini halikuwa na nafasi kwenye sini.

Baba hakunipiga. Alivaa koti lake la kanisani, akasema anakwenda Bugomora kwa dada yake Eugenia, ambako hakuna anayesubiri afe. Jovitus akapiga magoti kumzuia. Baba akamzunguka, akapanda bodaboda. Hakugeuka nyuma.

Naona atarudi katikati ya wiki. Sini ya pili imekamilika, na kuondoka kwake ndiyo sini ya tatu.

Jumanne, 10 Juni.
Baba alisahau dawa zake. Stephania kanipa jana nizipeleke, kwa kuwa, alisema, mimi ndiye niliyemfukuza. Lugha kali! Nilipitia kwanza Kayanga kuchapisha sini zangu na kuzituma. Pale stationari, nani anatoka na bahasha? Mutalemwa! Sikuweza kuondoka bila kurekebisha sini ya kwanza. Nikaongeza mvua. Nilipomaliza, gari la Kyerwa, linalopita Bugomora, lilikuwa limeshaondoka.

Leo mvua ya kweli. Kesho basi. Vidonge vichache vina haraka gani?

Alhamisi, 12 Juni. Bugomora.
Nimefika. Baba alianguka jana asubuhi kwenye migomba ya Shangazi. Zahanati wamesema kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala. Nilimwamkia, shikamoo Baba. Akanitazama muda mrefu. Nikamwonyesha dawa. Shangazi Eugenia akazipokea, akaziweka dirishani.

Baba alikuwa anajaribu kusema kitu. Nikasogea. Sikuelewa hata silabi. Shangazi akainama, akamsikiliza, akajifuta macho.

"Anasema azikwe hapa."

Nikasema haiwezekani, kina babu wote wako Ihanda. Baba akafumba macho. Mkono wake mzima ukawa unanisukuma, polepole, kama mtu anayefukuza kuku.

Jumanne, 17 Juni.
Tumemzika leo. Bugomora, pembeni ya kibanja cha watu wengine.

Jovitus na Stephania walisimama wameshikana mikono. Hakuna chuki hata chembe! Jovitus ameahidi mbele ya mchungaji kwamba dada yake hatafukuzwa Ihanda maadamu yeye Jovitus yu hai. Mama hakuweza kusimama. Alikaa chini, akawa anaviringisha bonge la udongo mkononi mpaka likawa vumbi. Nilipokwenda kutupa udongo wangu, Jovitus akaniambia kwa upole nirudi nyuma. Nikarudi, nikakaa na vijana waliofunga turubai. Nilitaka kulia, nikashindwa kwa sababu mmoja wao alikuwa ananitazama.

Nimekumbuka Baba alivyonishukuru siku ile nilipomwambia namwombea.

Alhamisi, 19 Juni. Bado Bugomora.
Kampuni imejibu kwa simu. Sini zimeandikwa vizuri, ila familia hii haiaminiki: watu wanaopendana hivyo hawawezi kuvunjika kwa neno moja. Ya Mutalemwa imepita.

Nimefikiri tangu asubuhi, na kosa nimeliona. Wahusika walikuwa wachache. Watu wawili hawawezi kubeba tamthilia nzima! Palihitajika mjane na wifi, na kaburi lililoko mahali pasipo pake.

Shangazi nimemkuta jikoni anamenya ndizi. Nimemwambia, kwa masikitiko, kwamba Mama anataka Baba afukuliwe arudishwe Ihanda. Kisu kimesimama. Ameinua kichwa, anauliza nani kasema.

Anaanza vizuri sana, huyu.