Injini Itaniongelea

Jumatatu, 28 Julai

Baba ya Ndinda ametuma jibu. Ndinda ameniambia leo hapo agrovet ya Mwingi anafanya kazi, akipima mbegu ya ndengu, bila kuniangalia. Ati nipeleke mbuzi za ntheo kwao Kilungu, Jumamosi tarehe tisa, kabla ya saa nane. Mbuzi tatu, watu wajue msichana ameshikwa, ako na mwenyewe. Mjomba aje aongee mambo ya wazee. Lakini mzee ameongeza sharti. Nisimame mbele yake mimi mwenyewe, niseme neno moja. "Naomba." Basi. Ati amesikia mimi ni bubu, na hawezi patia bubu msichana wake.

Mimi si bubu! Naongea sana. Ndani.

Nikishindwa, kuna Mutisya. Watu wake wamepewa Jumamosi inayofuata. Mutisya anapiga kinanda kanisani, na akianza kutoa ushuhuda, pasta mwenyewe anatafuta kiti.

Nimewaza njia yote nikirudi nyumbani. Nimepata! Land Rover ya marehemu babu. Iko nyuma ya ghala miaka kumi na moja, kuku wanataga juu ya injini. Hiyo injini ya petroli ilikufa kitambo. Nitaweka ya dizeli. Dizeli inanguruma. Ikiingia kwa boma ya watu, Kilungu mzima itasikia. Nani tena atauliza kama mwenye gari anaongea? Injini itaniongelea.

Jumatano, 30 Julai

Nimepeleka dume yangu ya ng'ombe kwa Ngure. Ngure ni fundi, Mkikuyu, lakini amekaa Mwingi hadi anatukana kwa Kikamba. Ako na injini ya dizeli, imetoka kwa pickup ilianguka barabara ya Garissa. Tumebadilishana. Yeye dume, mimi injini pamoja na kazi ya kufunga.

Mama amelia kidogo. Ameuliza mvua ikikuja hiyo injini italima? Ako na haki.

Tumefukuza kuku. Mmoja amekataa, amelalia mayai saba. Ngure ameinua injini ya zamani na cheni, kuku akiwa juu, ameifunga kwa mti. Mpaka sasa inaning'inia hapo. Kuku bado amelalia.

Injini mpya haitoshei! Ni refu. Ngure ameiangalia, akaiangalia tena, akachukua grainda akakata mahali radieta inakaa. Ati gari ni kama suruali, hapa unapunguza, hapa unaongeza.

Ijumaa, 1 Agosti

Injini imeingia. Lakini haikutaka kushikana na gearbox, mashimo hazilingani. Ngure akatafuta chuma nene, akakata bamba, akatoboa, akaiweka katikati ya hizo mbili. Hiyo chuma ilikuwa plau ya babu. Sasa hatuna dume, na hatuna plau. Mama hajajua ya plau.

Niliona bolti nne zimebaki kwa gunia. Mimi huona kila kitu. Nilitaka kuuliza zilikuwa za wapi. Ngure alikuwa anaimba. Si vizuri kukatiza mtu akiimba. Nikazitia kwa mfuko.

Imewaka! Kwanza moshi nyeusi kama mtu anachoma tairi. Halafu sauti. Aiya! Mabati ya nyumba ikatetemeka. Mbwa ikaenda kwa jirani na haijarudi. Ngure akasema kitu, mdomo ukafunguka ukafunga, sikusikia hata neno. Ndio hiyo! Hiyo ndio sauti yangu. Nikatoa machozi. Ngure alifikiria ni moshi.

Jumapili, 3 Agosti

Tukitoka kanisani Mutisya amenishika bega mbele ya kwaya nzima. Ati, Musembi, nasikia unafufua wafu, Lazaro ametoka ama bado amefungwa sanda? Watu wakacheka. Hata Nduku wa soprano, na huyo amefiwa juzi. Halafu akauliza polepole, ni injini gani umeweka?

Niliangalia viatu yangu. Hapana. Huyu hatajua. Mwaka jana niliambia mtu mmoja naanza kufuga sungura. Jumatatu Mutisya alikuwa na sungura ishirini. Akisikia dizeli, ataenda Kilungu na lori.

Nimepanga. Nimenunua rangi nyekundu mkebe moja. Kando ya mfuniko ya tangi babu alikuwa ameandika PETROL, lakini imefifia. Nimeiandika tena juu yake. PETROL! Herufi kubwa kama mkono wangu. Niliacha shule darasa la tano, lakini hilo neno liko sawa kabisa.

Mama amepita na ndoo. Ameuliza, mwanakwa, si umesema hiyo gari sasa ni ya dizeli? Nikasema ndio. Akaniangalia kwa muda, vile alikuwa anaangalia baba.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefanya mazoezi ya neno langu kwa mbuzi. Zile mbili za kike hazijali. Beberu amesimama akaniangalia macho kwa macho, akitafuna. Nikafika "na", nikashindwa. Kwa mbuzi!

Mutisya amekuja kupeleleza. Anasema alikuwa anapita tu. Hakuna mtu hupita hapa, barabara inaishia kwetu. Amezunguka gari mara mbili, amesoma rangi, ametikisa kichwa. Ati petroli, ndugu yangu? Kwa hiyo mlima utalala njiani na mbuzi za watu. Akaenda akicheka. Nami nikacheka, ndani. Amenasa!

Mjomba Musyimi pia amekuja kuona gari. Ameuliza kama itapanda Kilungu. Nikaitikia na kichwa. Akaniambia nisiogope kuongea, hata yeye alinyamaza mpaka siku ya ntheo yake, akasema neno moja, na tangu aoe hajapewa nafasi ya neno la pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeendesha hadi Mwingi na kurudi. Gia inacheza kama mtu ako na homa, lazima niishike na goti. Sauti iko sawa.

Ndinda ameenda kwao kungoja. Ametuma ujumbe. "Wachana na gari. Wewe kuja na mdomo." Nimeisoma mara kumi. Ni msichana mzuri. Hajaelewa mpango.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa Kilungu, kwa banda ya ng'ombe ya watu. Nitaandika yote pole pole.

Tulitoka mapema. Mjomba ameketi mbele na koti ya harusi, pamba kwa masikio. Mbuzi nyuma. Tukapita Kitui, tukapita Machakos, na kila mahali watu wanageuka! Watoto wanakimbia! Makonda wananipigia saluti! Kutoka Mwingi hadi Salama nilikuwa mtu. Nataka iandikwe mahali.

Salama dizeli ikawa karibu kuisha. Nikaingia kwa kituo kabla ya kupanda mlima. Msichana wa pampu akakuja, mchangamfu, kofia imekaa upande. Mimi sikusema kitu. Akazunguka gari. Akaona rangi yangu. Akasoma kwa sauti, "Petrol." Akauliza, nijaze, kaka?

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, nilifungua. Neno lilikuwa hapo kwa ulimi. Dizeli. Lakini nyuma yangu kuna lori, dereva ametoa kichwa anaangalia. Na msichana ameshashika bomba. Nikajiambia akiweka kidogo tu nitamwambia. Akaweka kidogo. Sasa nikaona ni aibu zaidi, ataniuliza mbona hukusema mwanzo. Nikangoja amalize sentensi yake, alikuwa anasifu beberu. Hiyo sentensi ilikuwa ndefu. Lita arobaini.

Akafunga mfuniko, akagonga hapo kwa rangi, akasema mwandiko mzuri. Nikaitikia na kichwa.

Mjomba alikuwa amelala.

Nikajiambia, kuna dizeli kidogo bado chini ya tangi. Hiyo itafundisha petroli kazi.

Tulipanda kona tatu. Kona ya nne ikaanza kugonga, kama mtu anapiga sufuria na nyundo. Kona ya tano moshi nyeupe. Injini ikaruka, ikalala upande kama mlevi kwa ukuta. Zile bolti nne! Nilizishika kwa mfuko, ziko zote. Halafu ikanyamaza.

Sijawahi sikia kimya kama hiyo. Nasema uongo. Nimewahi. Ni yangu.

Mjomba akatoa pamba, akauliza, tumefika? Saa saba na nusu. Tukashusha mbuzi, tukashika njia ya miguu, katikati ya parachichi za watu. Baridi, ukungu, mimi natoka jasho. Beberu akaingia kwa sukuma wiki ya mama fulani, akafagia laini mzima. Mama akatoka na fimbo, akauliza hizo ni mbuzi ama ni nzige. Mjomba akavua kofia, akaomba msamaha, akaeleza tunaenda ntheo. Mama akaniangalia, akauliza bwana harusi ni huyu? Mjomba akasema ndio. Akatuachilia bure. Alinihurumia.

Tulifika saa tisa kasorobo. Kina mama walikuwa wameimba hadi wamechoka, wamekaa. Baba ya Ndinda ako kwa kiti, amejifunika blanketi. Hakusimama. Alisema asubuhi wamengoja, mchana wamengoja. Halafu akasikia gari huko chini, kelele ya kufa mtu, inapanda, inapanda. Halafu ikanyamaza kabisa. Akasema hapo aliambia bibi yake, basi, huyo ndiye Musembi.

Watu wakacheka. Mjomba pia, kidogo.

Mjomba akaongea vizuri sana. Mbuzi zikaangaliwa meno. Zikakubaliwa. Mzee akanigeukia. Ati sasa wewe. Neno moja, kijana. Chukua wakati yako.

Ndinda alikuwa kwa mlango ya jikoni, mikono imejaa unga. Hakuwa anacheka. Mdomo yake ilikuwa inafanya neno bila sauti, kama mtu anasaidia mtoto. Na. O. Mba. Nikamwangalia. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani neno likatoka. Kubwa. Safi. Hata kuku wakageuka.

"Dizeli."

Lilikuwa limenikaa kwa koo tangu Salama.

Mzee akauliza mjomba, hiyo ni Kikamba ya Mwingi? Mjomba akaangalia chini. Ndinda akaingia jikoni.

Mzee ameamua hivi. Mbuzi hatachinja, na hatarudisha. Zitafungwa hapo kwa boma. Nikirudi kabla ya Jumamosi ya kina Mutisya, niseme neno lenyewe, anachinja siku hiyo hiyo. Nisiporudi, zitapelekwa chini kwa barabara zitafute kwao.

Nimepewa hapa pa kulala. Beberu ako kwa kona. Ananiangalia.

Jumapili, 10 Agosti

Trekta ya parachichi imevuta gari hadi Salama. Kutoka hapo tumepanda lori ya kreti tupu, gari ikiwa nyuma yetu imefungwa kama ng'ombe mgonjwa. Tumepita kile kituo. Yule msichana akanipungia mkono.

Mwingi tumefika ibada ya jioni ikiendelea. Mutisya alikuwa na maikrofoni. Ameomba kanisa lote lisimame liniombee, mimi na gari yangu ya petroli. Wamesimama. Wengine wameinua mikono.

Hajui ni dizeli. Angalau hiyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Ngure amefungua. Pampu imekwisha, na ndani ni vipande. Ameuliza nani aliweka petroli. Nikaonyesha na kidole rangi. Akauliza nani aliandika. Nikaangalia mti. Kuku ametotoa huko juu, vifaranga watano.

Mama amejua ya plau. Hajaongea na mimi tangu asubuhi. Kwa hii nyumba sasa hakuna mtu anaongea.

Ndinda amepiga simu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo imenimaliza. Amesema, Musembi, sikia. Panda gari ya abiria Alhamisi. Shuka Nunguni. Nitakungoja kwa barabara, tutembee pamoja hadi kwa baba, nitakushika mkono, utasema tu hilo neno. Hata ukisema kwa sauti ndogo. Mimi nitasikia na nitamwambia umesema. Unakuja? Nikasema "mm". Akauliza hiyo ni ndio? Nikasema "mm". Akacheka, halafu nikasikia kama anapangusa pua.

Mjinga ni mimi. Nataka kuandika hiyo wazi. Ni neno moja. Sio mlima. Ni kusimama tu na kusema. Alhamisi nitapanda.

Jumanne, 12 Agosti

Sikulala, nimewaza. Nimeona mahali kosa lilikuwa.

Kelele! Hiyo injini ilikuwa na kelele sana. Ilinifanya nikazoea kutosikia sauti yangu. Ndio maana neno lilipotea. Inatakiwa gari tulivu. Mtu akifika kimya kimya, hata akisema kidogo, watu wanasikia.

Ngure ako na injini ya petroli, imetoka kwa gari ndogo ya mwalimu mkuu aliyestaafu. Inawaka kimya kama paka. Nimempa mtamba, ng'ombe wetu mchanga. Mama atajua jioni. Ngure anaanza kesho. Ati siku tatu, zikizidi sana nne. Nimetumia Ndinda ujumbe anisubiri kidogo, nakuja na kitu nzuri. Hajajibu. Labda amefurahi.

Mutisya asijue ni petroli. Rangi ilibaki nusu mkebe. Nimefuta kando ya tangi na majivu, nikaandika upya, DIESEL, kubwa zaidi ya ile ya kwanza.

Mwandiko wangu unazidi kuwa mzuri.