Meno ya Kulwa na Posa ya Mwanvita

Jumatatu, 2 Mfungo Pili, 1303 Hijria

Posa imerudi! Mimi, Kulwa, nimekataliwa kwa sababu ya meno. Bi Mina, mama yake Mwanvita, kawaambia washenga hataki wajukuu wasioweza kufumba midomo. Meno yangu ya mbele ni mapana, sikatai. Lakini kutangaziwa mji mzima? Hasira zimenijaa.

Jumanne, 3

Nimepata hila. Nilikwenda kumwamkia Bi Mina, nikamweleza kuwa meno haya si ya ukoo. Ni miwa! Nimekulia Makurunge nikitafuna miwa, yakakua kwa kazi. Watoto wangu watakula uji tu. Akasikiliza, anatafuna tambuu yake. Akauliza ndugu zangu wana meno gani. Nikasema sina ndugu.

Ninaye. Doto, pacha wangu, kalelewa na shangazi Mlingotini. Sura moja, meno yale yale.

Alhamisi, 5

Bi Mina kalegea! Kesho niende na wazee. Mwanvita kanitazama sana, kisha kaingia ndani. Haya tu hizo.

Nimempelekea Doto habari kuwa mjini kuna ndui, asikanyage.

Ijumaa, 6

Mpumbavu yule! Kasikia ndui, kaja mbio kuniuguza! Tumekaa barazani kwa Bi Mina, mara huyo, analia, meno yote nje. Wazee wakatazama yake, wakatazama yangu. Bi Mina akamuuliza kama naye kala miwa sana. Akajibu kuwa miwa humuuma tumbo tangu utotoni, yeye kakua kwa samaki na wali. Meno ni ya marehemu baba. Laiti ningemziba mdomo kwa kanzu yangu!

Mwanvita akasema nyuma ya mlango, "Meno yake mimi sikuyakataa. Uongo wake ndio siuwezi."

Jumatano, 11

Mwanvita kaposwa. Na Doto! Kwa meno yale yale! Bi Mina eti anasema mtu anayekimbilia ndui kwa ajili ya ndugu yake, meno yake atayavumilia. Dhuluma tupu!

Basi. Kaole yuko binti, Dija. Nimenunua tupa. Nikiyachonga meno kabla ya harusi, watoto watazaliwa nayo madogo. Wakiniuliza, sina ndugu.

Na Doto nimeshampelekea habari: Kaole kuna kipindupindu, asithubutu kuja.