Uhaba wa Fundi Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Wateja wawili kutwa nzima. Zipu moja, kifungo kimoja. Ng'ambo ya barabara, kwa Spidi, nimehesabu kumi na wanne. Spidi! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi.

Mchana nikafungua kamusi ya Kiingereza ambayo binti yangu aliiacha alipoolewa. Nikaangukia neno "shortage". Maana: uhaba, upungufu. Mifano: wa maji, wa nyumba, wa wauguzi. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Sukari ikijaa dukani, nani anaiulizia? Ikiadimika, mji mzima unaitaja. Miaka ishirini na sita nafungua saa moja asubuhi. Nimejaa mno.

Mwalimu mmoja, mwenye ile zipu, alipoifuata nilimweleza. Akakuna kidevu, akasema neno lile halitumiki hivyo. "Kwanza kitu kihitajike, fundi. Kisipohitajika hakijaadimika, hakipo tu."

Walimu. Biashara hawaijui.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya kwanza kati ya saba. Mlango wa mbele nimeupiga komeo, bango nje: FUNDI HAPATIKANI. Simu nimezima. Mimi nimo humu humu ndani, na mkate, chupa ya chai na tundu la ufunguo.

Hadi jioni wamepita watu mia mbili na tisa. Aliyesoma bango mmoja. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Jumatano, 6 Machi

Saa nne asubuhi, hodi. Nikadhani mwenye nyumba. Kumbe binti yangu! Hajakanyaga hapa miezi minne, anakaa mbali, nauli si mchezo.

"Baba, upo? Tumekuletea sketi ya shule ya mjukuu wako, kiuno kinampwaya."

Niliinuka. Mkono ukafika kwenye komeo. Kisha nikapiga hesabu: siku ya pili tu. Bidhaa ikirudi sokoni mapema, bei inaanguka. Nikabana pumzi.

Aligonga mara kumi na moja. Halafu nikamsikia akimwambia mtoto kwamba babu labda amesafiri. Mtoto akauliza babu huwa anasafiri kwenda wapi. Nimelifikiria swali hilo mpaka chai ikapoa.

Nikachungulia. Walivuka barabara wameshikana mikono, wakaingia kwa Spidi. Dakika ishirini na tano. Mtoto akatoka na sketi mwilini, anazunguka-zunguka ajione.

Mshono wa kiuno, nilivyouona kutoka huku, umepinda.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna. Mkate umekuwa tofali.

Ijumaa, 8 Machi

Spidi amekuja kuegemeza baiskeli yake mlangoni pangu. Mama mmoja akamuuliza duka hili ni la nani. Spidi akasema la mzee mmoja hivi, fundi mzuri sana, nadhani amepumzika. Mama akauliza kama chumba kinapangishwa.

"Mzuri sana" nimeiandika pembeni. Maneno mengine nimeyaacha.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya saba imetimia. Saa kumi na mbili jioni nimewasha simu. Nimeikalisha mezani, nikakaa mbele yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Ikalia mara moja. Ujumbe wa binti yangu, wa Jumatano: "Baba, tulipita hatukukukuta. Tutajaribu tena likizo ya Agosti. Kula vizuri."

Nimeusoma mara sita. Nilitaka kumpigia. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake.

Lakini hesabu haidanganyi. Siku mbili za uhaba zimeleta hodi kumi na moja. Siku kumi na nne zitaleta sabini na saba! Na anayegonga mara sabini na saba hawezi tena kwenda kwa Spidi, mkono wake utakuwa umechoka. Simu nimezima.

Agosti, wiki mbili kabla hawajafika, najifungia. Safari hii mikate minne.