Maji Matamu ya Killdeer, kwa Nazi Tu

Jumatatu, 4 Machi

Tumetia nanga Kisiwa cha San Francisco, huku Meksiko, saa nne asubuhi. Hakuna kijiji, hakuna kisima, hakuna bomba. Mawe, mchanga, mipungate, na boti kumi na mbili za matanga. Mahali pazuri kabisa pa kuzindulia kiwanda cha maji.

Kiwanda chenyewe kimo ndani ya masanduku mawili yenye vishikio. Katika moja kuna injini ndogo ya petroli na pampu, katika jingine kuna bomba refu jeupe lenye utando ndani. Unatumbukiza mpira mmoja wa maji baharini, mwingine unakutolea maji ya kunywa. Chumvi inabaki nje. Inabakije nje? Hilo ndilo linaloninyima utulivu tangu La Paz. Nimelitazama bomba kwa kurunzi kutoka pande zote mbili. Sikuona kitu.

Noreen, mke wangu, hakutabasamu. Mwaka jana tuliishiwa maji siku tatu kabla ya kufika bandarini, tukapiga mswaki kwa soda ya limau. Leo amerudia aliyoyasema tangu Krismasi: tukiishiwa tena hata mara moja, yeye anapanda ndege kurudi kwetu Saskatoon, na boti inauzwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema mimi nikisema hivyo ndipo wasiwasi unapomwanza.

Sitaki boti iuzwe. Nimeuza madawati ya shule miaka thelathini na moja ili niipate. Saskatoon kuna gereji na koleo la theluji linaningoja.

Mashine ina kitabu cha maelekezo, kurasa 74. Noreen amekichukua, anakisoma kivulini. Mwache asome. Mimi hujifunza kwa mikono.

Jumanne, 5 Machi

Maji! Maji matamu kutoka baharini!

Nimewasha saa tatu. Kelele, loo! Nikafunga vali polepole, sindano ya presha ikapanda mpaka alama ya kijani, na mpira mwembamba ukaanza kutema mate. Nina kipimo cha chumvi, kidude kama kalamu. Ya kwanza yalisoma 1,400. Ukiyanywa utajuta. Kisha 900. Kisha 410. Kisha 290, maji safi kuliko ya nyumbani! Nimeonja kila hatua, hata maji makali ya mpira wa taka. Hayo sikuyameza.

Noreen ameoga, ameosha nywele, amezisuuza mara mbili. Akacheka peke yake bila sababu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Nilisimama na kipimo mkononi nikaona moyo wangu umejaa.

Dosari moja. Thurlow Baines wa boti Calliope, boti pana ya maganda mawili yaliyounganishwa, mabafu mawili. Mashine yake ya maji imejengwa chini ya sakafu, anabonyeza kitufe na kwenda kulala. Yeye ndiye anayeendesha redio ya asubuhi. Saa mbili kamili boti zote ghubani hufungua redio zisikie hali ya hewa, nani amefika, nani ana shida gani, na Thurlow huongea kama askofu mwenye mafua. Leo mchana akaingia hewani kuuliza kama kuna mtu anakata nyasi kwa mashine upande wa boti yetu, Killdeer. Watu walicheka. Niliwasikia bila redio.

Tutaona.

Jumatano, 6 Machi

Wazo limenijia wakati wa uji. Thurlow ana maji, lakini hampi mtu. Mimi nitawapa wote!

Sisi wageni haturuhusiwi kufanya biashara katika maji ya Meksiko, kwa hiyo kila kitu redioni hubadilishwa kwa "nazi". Nazi yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Ni chupa ya divai, ni mkate, ni kukatwa nywele. Thurlow alipouliza kama kuna mwenye kitu cha kutoa, nikabonyeza. Nikasema Killdeer ina maji matamu, kipimo 290, kwa nazi tu, karibuni nyote. Thurlow akasema, "Haya, jirani. Mungu akuongezee petroli."

Wa kwanza alikuwa Solenn, Mfaransa anayesafiri peke yake, mwembamba, mikono kama ya seremala. Alileta madumu manne na pai ya ndimu. Nikamweleza kazi ya utando kwa dakika arobaini. Aliuliza maswali mazuri mawili, ambayo sikuyajua majibu yake, nikayajibu. Kisha wakaja wengine watano. Mmoja ananiita "Mheshimiwa wa Maji". Anatania, lakini nimeona linakaa vizuri.

Jioni nimepiga hesabu. Nimetoa lita 280. Mashine imetengeneza 150. Zilizobaki zimetoka tangini kwetu. Noreen alikuwa anatembea kisiwani, sikuona haja ya kumkimbilia na habari. Kesho nitajaza.

Alhamisi, 7 Machi

Bahari imegeuka rangi. Asubuhi ilikuwa kama mchuzi wa nyanya uliotiwa maji mengi. Thurlow redioni: ni vijidudu vya baharini, huja kila mwaka wakati kama huu, mtu asitengeneze maji mpaka vipite, maana vitaziba mashine.

Hebu tazama! Jana wateja sita kwangu, leo bahari imefungwa kwa amri ya Thurlow. Ananiona mtoto.

Hata hivyo nilitaka kujua. Nilichota kikombe nikakitazama kwa kioo cha kukuzia cha Noreen. Kweli vimo, maelfu, vinazunguka kama watu waliopotea sokoni. Nikavitazama saa nzima. Vinakula nini? Vinaonana? Nikamwita Noreen. Alitazama zaidi ya nilivyotarajia, kisha akasema hata kitabu kinasema tusiwashe. Nikasema kitabu hakijafika hapa.

Nilikuwa nimeahidi madumu mapya matano. Nikauvisha mdomo wa mpira soksi ndefu ya Noreen ivizuie, nikawasha. Dakika kumi na tano. Chujio la kwanza la mashine likawa supu. La pili likawa uji. Kukawa na harufu ya ndoo ya muuza samaki iliyosahauliwa juani. Nikazima.

Madumu matano nikayajaza kutoka tangini. Ahadi ni ahadi.

Ijumaa, 8 Machi

Harufu imeongezeka. Noreen amehamisha mto wake akalala mbele ya boti.

Bahari bado nyekundu, kwa hiyo leo ni siku ya usafi. Nilifikiri kitaalamu. Harufu inatoka kwa vijidudu vilivyokufa ndani. Kinachoua harufu ni nini? Klorini. Tunayo chupa nzima ya kufulia mashuka. Nikatia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji safi, nikazungusha ndani ya mashine. Harufu ikapungua! Nikaongeza vifuniko vitatu. Ikaisha kabisa. Nikayaacha humo mchana kutwa yafanye kazi.

Noreen akauliza kutoka nyuma ya kitabu mbona boti inanuka bwawa la kuogelea. Nikasema huo ni usafi. Akauliza kama nimetia kitu ndani ya mashine. Nikamuuliza ana maana gani anaposema kitu. Akaweka kitabu chini, lakini Solenn akapita na kahawa, nikaokoka.

Jumamosi, 9 Machi

Bahari imerudi rangi yake. Saa tatu nikawasha.

Kipimo: 1,400. Kawaida. Nikasubiri. 2,600. Nikasema kipimo kimelowa, nikakifuta kwa shati. 4,100. Nikaonja. Chumvi. Nikaonja tena nikitumaini. Chumvi!

Nikapima tangi kwa kijiti. Vidole viwili. Lita kama kumi na mbili, za watu wawili, na bandari iko siku nzima kutoka hapa, upepo ukikubali. Haukukubali. Wakati huohuo nikamsikia Noreen bafuni, bomba likikohoa. Akaita, "Lorne, kuna nini?" Nikasema hewa imeingia. Nikaiona boti yangu na kibao cha "Inauzwa" kwenye mlingoti.

Nikangoja Noreen aende kwa Solenn kunywa kahawa. Nikamwita Thurlow redioni, kisha nikamwomba tuhamie chaneli nyingine, mambo ya faragha. Huko nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nina rafiki, sitamtaja jina, aliyesafisha mashine yake kwa klorini, na tangi lake limekauka, na mke wake hajui, na je, mtu kama huyo anaweza kupata lita hamsini?

Thurlow akasema, "Kaka, huyo rafiki yako ana mke anayeitwa Noreen?"

Nikasema hilo siwezi kulithibitisha.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu mwenye nanga anajua, na ambalo mimi mwenyewe hulifanya kila siku. Watu wawili wakihama chaneli, ghuba nzima inawafuata kimyakimya. Ndiyo burudani yetu. Niliwasikiliza hivyo wale wa Oregon walipogombana juu ya mama mkwe, wiki nzima. Sasa nikasikia mibonyezo ya redio, moja baada ya nyingine, watu wakijizuia kucheka. Na boti ya Solenn, nilikumbuka, redio yake haizimwi kamwe.

Jumapili, 10 Machi

Noreen hakurudi kwa kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa, akafungua kitabu ukurasa wa 31, akanisomea kwamba klorini, hata tone, inaua utando moja kwa moja. Kisha akanisomea tena kwa Kifaransa, maana kitabu kina lugha sita. Kisha akauliza maji ya tangini yamekwenda wapi. Nikataja boti moja moja. Nilipofika ya saba akasema basi.

Akatoa begi lake chini ya kitanda. Akakunja nguo. Sweta la Saskatoon likaingia kwanza. Nikamwambia naomba radhi. Nikasema bila yeye mimi boti hii siitaki, nitakaa humo nikiongea na pampu. Nililia kidogo, naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Akashuka kwenye boti ya mpira, akawasha injini, akaelekea Calliope. Bila begi. Nikawaza anakwenda kuomba usafiri, begi atalifuata.

Alirudi baada ya saa moja na nusu akiwa na madumu matatu ya maji na bomba jeupe mapajani.

Thurlow alikuwa na utando wa akiba. Saizi ileile! Nazi zake ni hizi: Noreen atachezea timu yake mpaka Pasaka. Kila alasiri, popote boti hizi zinapotia nanga, watu hushindana wawili wawili ufukweni kuviringisha matufe, na Noreen ana mkono mzuri kuliko wote. Mimi na yeye hatujafungwa tangu Januari. Sasa yeye ni wa Thurlow. Niseme ukweli, hilo liliniuma kuliko klorini.

Na Noreen ana masharti yake mwenyewe. Nikisome kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, mbele yake. Mashine ataiendesha yeye. Na mara moja tena, moja tu, boti inauzwa na hataki maneno. "Safari hii nimebaki, bwana. Sikutanii tena."

Nikathubutu kuuliza kwa nini amebaki. Akafikiri. Akasema anataka kuona utando mpya utasoma ngapi.

Jumatano, 13 Machi

210!

Noreen anaendesha vizuri, lazima nikiri. Ana daftari. Anaandika saa, presha, joto la bahari, namba. Anakaa hapo na kalamu mdomoni kama mwanafunzi wa sayansi. Juzi aliniita nitazame sindano ikitulia, tukaitazama pamoja. Tangi limejaa mpaka juu. Anaoga kila siku na anaimba, vibaya, na ghuba nzima inamsikia.

Matufe: Thurlow na Noreen 12, mimi na Solenn 3. Thurlow alisema hewani kwamba mchezo ulikuwa wa kirafiki. Haukuwa.

Kitabu nimekimaliza, kurasa 74. Noreen aliniuliza maswali, nikajibu yote, akanibusu utosini. Mimi ni mtu mpya. Nilikuwa na pupa, sikusoma, sikuuliza. Sasa najua. Klorini, hapana. Mafuta, hapana. Maji ya moto, hapana. Kugandisha, hapana. Nimezipitia zote mara mbili, kwa Kiingereza, na jedwali la mwisho hata kwa Kijerumani.

Siki haikutajwa popote.

Asubuhi nimesafisha birika kwa siki, ukoko wote wa chokaa ukatoka kwa dakika kumi. Birika limekuwa jipya! Kama siki inafanya hivyo kwa birika, je, kwa utando? 210 ni nzuri, simlaumu mtu. Lakini 150? Noreen hajawahi kuandika 150 daftarini. Angefurahi sana akirudi akaikuta.

Yuko ufukweni na Thurlow wanafanya mazoezi, hatarudi kabla ya saa kumi na moja. Chupa ya siki imejaa. Nitaanza na kijiko kimoja.