Makumbi ya Mutsamudu na Mapaa ya Plastiki

Mheshimiwa Mwakilishi wa Ufaransa, uliyeniagiza nianze bila wewe; Mheshimiwa Kadhi; masharifu, walimu na wafanyabiashara wa Mutsamudu; baba mkwe wangu mpendwa; na wewe Latoifa, waridi langu, mwenye nyumba ile ya mawe uliyojengewa na babako, ambamo mimi ni bwana harusi tangu Ijumaa! (Vigelegele kutoka madirishani.)

Mimi Saïndou, Mkurugenzi wa Muda wa Idara ya Nyuzi, nimetoka Moroni kuwaletea ripoti ya mradi wa kihistoria, ambao, kwa mujibu wa awamu ya awali ya maandalizi ya matayarisho, unachukua makumbi ya nazi, yaani takataka mnazozitupa... ("Nani anatupa? Sisi tunasokota kamba!" Ni Bibi Moinaecha, dirishani.) ...takataka, nasema, mnazozisokota, na kuzichanganya na plastiki iliyoyeyushwa, ili nyuzi ziikumbatie plastiki kama ninavyomkumbatia Latoifa, kwa upole lakini bila kuachia, na ikishaganda tunapata paa lisiloota kutu, lenye uimara wa asilimia mia moja na kumi! (Baba mkwe anapiga makofi peke yake.)

("Mwanangu, makumbi yangu yote uliyachukua wewe. Kamba ya kuuza sina, paa uliloniahidi sina, na mvua za kaskazi zinaninyeshea kitandani!")

Subira, mama yangu. Kiwanda kiko Moroni, kinanguruma usiku na mchana.

("Dada yangu yuko Moroni. Huko mliwaambia kiko Mutsamudu!" Kicheko.)

Na huo ndio umoja wa visiwa vyetu: kila kisiwa kinatunza kiwanda cha mwenzake! Nyuzi juu! Plastiki juu! Kutu chini! (Mbuzi peke yake anaitikia.)

Namalizia kwa shukrani, kwani mapenzi yamenifundisha kushukuru. Plastiki yenyewe sijaiona bado, na kiwanda tutakitafutia kiwanja Mungu akipenda. Lakini makumbi yenu, enyi kinamama, hayakupotea. Yaliwaka kwa adabu chini ya masufuria yote ya pilau ya harusi yangu, mkala, mkasifu, na mimi nikampata Latoifa. Ahsanteni sana!

(Mlango wa nyumba ya mawe unafunguliwa. Sanduku la nguo za bwana harusi linatolewa kizingitini. Sauti ya Latoifa: "Bibi Moinaecha, lete kitanda chako. Kwangu hapavuji, na nafasi imepatikana.")